Sauti Niliyowapa Wasaliti

Nianze na filamu niliyoitazama mwaka jana, maana hadi leo imenikaa kooni. Jambazi kaua ukoo mzima wa staringi, kachoma nyumba, na staringi mwenyewe kamtupa mtoni akidhani kafa. Saa mbili nzima staringi anamsaka. Mwishoni kampata, kampigisha magoti, bastola iko kwenye paji la uso. Halafu anafanya nini? Anaishusha! Anasema eti, "Nikikuua nitakuwa sawa na wewe." Anageuka, anaondoka polepole, kinanda kinalia. Nilisonya mpaka mke wangu akauliza kutoka jikoni kama nimeungua.

Sawa na yeye kivipi? Yeye si ndiye aliyeanza? Filamu za siku hizi zina ugonjwa huo, zinaona aibu kulipiza kisasi. Mtu akitendewa unyama, badala ya kupewa panga anapewa hotuba.

Nasema hivi kama mtu wa kazi hiyo, si mtazamaji tu. Mimi ni mtafsiri wa filamu. Chumba changu kiko Kijenge, nimebandika trei za mayai ukutani kote ili mwangwi usiniharibie sauti. Navaa hedifoni, naweka maiki mbele, na muvi ya Kikorea au ya Kituruki ikianza, anayeongea ni mimi. Naongea mwanaume, naongea mwanamke, naongea jenerali na farasi wake. Kikorea chenyewe sijui hata kusalimia. Nasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, na pale yanapopwaya naongeza ya kwangu, na huko kuongeza ndiko watu wanakonipendea. Kazi ikiisha inaingia kwenye flashi na kusambaa kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea filamu, kuanzia hapa Kijenge hadi Tengeru na Maji ya Chai. Basi ile filamu ya bastola nilipoitafsiri, staringi wangu hakusema yale ya kwao. Wangu alisema, "Nenda. Ila kwenu napajua, njia unayopita naijua, na mimi sina haraka." Naambiwa Maji ya Chai walishangilia mpaka benchi likakatika.

Tamthilia za vita ndiyo usiseme. Askari kalala kwenye tope wiki nzima lakini nywele zimechanwa. Kapigwa risasi tatu za kifua, bado ana pumzi ya kumsimulia mwenzake kuhusu mchumba wake, nyumba watakayojenga, na jina la mtoto. Hayo navumilia. Nisichovumilia ni wanachomfanyia msaliti. Msaliti anauza kikosi kizima mwanzoni kabisa, wenzake wanakufa kama kuku wa mdondo, halafu kabla msimu haujaisha wanaanza kumwosha. Mara tunaonyeshwa alivyokosa mapenzi utotoni. Mara ana binti mgonjwa. Sehemu ya mwisho anajitupa mbele ya risasi kumwokoa mtu, na sisi tunatakiwa tulie. Thubutu! Kwangu hakuna msaliti anayeoshwa. Hata akijitupa mbele ya risasi, mimi namfanya aseme amejikwaa.

Na taarifa ya habari, Mungu anisamehe. Kila siku saa mbili usiku nakaa na mama yangu mbele ya televisheni, na kila siku nagombana na mtangazaji. Wakubwa wa nchi fulani wamesaini kusitisha mapigano, wameshikana mikono huku kila mmoja akitazama kamera. Asubuhi mabomu yanaanza upya. Mtangazaji anasema kwa sauti laini, "Pande zote mbili zimetupiana lawama," kisha anahamia kwenye mpira. Pande zote mbili! Mmoja nyumba yake inaungua, mwingine ana kiberiti mkononi, na wewe na tai yako unasema pande zote mbili. Mama huwa ananiambia, "Mwanangu, usimpigie kelele, hakusikii."

Hasira hii haikuanza na televisheni, nisiwadanganye. Ina mwenyewe, na mwenyewe ni baba yangu mdogo.

Baba yangu na mdogo wake walichukuliwa mgambo pamoja, wakaondoka Nkoaranga siku moja kwenda vita vya Uganda. Mimi nilikuwa bado mgongoni. Vita vilipoisha alirudi mmoja, baba mdogo. Ukoo ulipomuuliza kaka yake yuko wapi, alisema ametoroka. Alisema kakimbia usiku, kawaacha wenzake, na huenda huko aliko keshaoa. Akayasema mbele ya wazee, na wazee wakaamini, maana yeye ndiye aliyekuwapo.

Kwetu Umeruni mtoro wa vita ni aibu ya ukoo mzima. Mama aliambiwa kwamba mke wa mtoro hawezi kukaa kwenye kihamba cha watu waaminifu. Kile kihamba, shamba la ukoo na kahawa yake na migomba yake, akapewa baba mdogo. Mama akashuka na mimi mgongoni mpaka Kijenge, akaanza kuuza ndizi za watu wengine. Shuleni niliitwa mtoto wa mtoro. Nilipigana sana shuleni, na meno mawili ya mbele niliyo nayo si ya kuzaliwa.

Lakini hayo yote ningeweza kuyameza. Nilichoshindwa kumeza kilitokea siku ya msiba wa babu, nikiwa kijana wa sekondari. Watu wamejaa uwanjani, jeneza liko mbele, na baba mdogo, mzee wa kanisa na suti yake ya kahawia, anashika maiki kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa. Akakohoa mara tatu, maana ndiyo desturi yake. Kisha akasoma, "Marehemu alijaliwa watoto watano." Akawataja mmoja mmoja. Walikuwa sita! Babu alizaa sita, na wa kwanza ni baba yangu. Hata kama ni mtoro, si alizaliwa? Nilimgeukia mama. Alijifunga kanga yake upya, akaendelea kutazama mbele. Siku ile ndipo nilipojua kuwa mtu mwenye maiki anaweza kumwondoa mtu duniani, na nikaapa kwamba baba mdogo nitamrudishia kwa njia hiyo hiyo.

Ilichukua miaka. Miaka mitatu iliyopita nililetewa tamthilia ndefu ya vita, na ndani yake mlikuwa na kapteni mwoga, mnafiki, anayetembea kifua mbele. Nikakaa mbele ya maiki, nikakohoa mara tatu. Nikampa sauti ya baba mdogo. Nikampa na msemo wake, ule anaotumia kila mtu akithubutu kumbishia kuhusu vita: "Mimi nilikuwepo. Nyie mlikuwa wapi?" Kapteni akijificha chini ya meza, anakohoa mara tatu na kusema, "Mimi nilikuwepo." Akikimbia na kuacha viatu, "Nyie mlikuwa wapi?" Nilirekodi nikicheka mpaka machozi.

Haikuchukua mwezi. Maji ya Chai, ambako baba mdogo hushuka siku za soko na ndizi zake, kila mtu alimtambua. Wapakiaji wa mizigo wakaanza kukohoa mara tatu akipita. Akina mama wa nyanya wakawa wanaulizana kutoka meza hadi meza, "Nyie mlikuwa wapi?" na kuanguka vicheko. Mimi sikuishia hapo. Msaliti wa Kituruki, nikampa sauti ile ile. Jasusi wa Kichina, ile ile. Hata filamu moja ya majini, papa mwenyewe kabla hajala watu alikohoa mara tatu. Nikapata habari kuwa Jumapili moja baba mdogo alisimama kanisani kutoa matangazo, akakohoa, na kwaya ya vijana nzima ikaangua kicheko. Alikaa chini bila kumaliza. Siku hiyo nilimnunulia soda kila aliyekuwepo barazani kwangu, na sikusema ni za nini.

Nilijisikia vibaya? Hapana. Watu wananiuliza kama niliona huruma, na jibu ni hilo hilo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yeye alinicheka kwa miaka arobaini, mimi nimemcheka mitatu tu.

Sasa mwaka huu, asubuhi moja kama saa nne, mlango wa chumba changu ukagongwa. Nilikuwa katikati ya kazi, tamthilia mpya ya vita vya kwenye theluji. Nikafungua. Alikuwa baba mdogo, suti ile ile ya kahawia, sasa imekuwa kubwa kuliko yeye. Amekonda. Mkononi ameshika jani la isale.

"Shikamoo baba," nikasema. Ilitoka yenyewe, ni adabu ya mama, si yangu.

"Marahaba, mwanangu."

Kwa asiyejua, isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani. Lina kazi nyingine. Aliyekukosea akilifunga fundo na kukuletea kwa mkono wake, anaomba msamaha, na huna ruhusa ya kukataa. Unaweza kuwa umeibiwa, umepigwa, umezuliwa, ukiletewa isale unapokea. Anayekataa anajitafutia laana yeye na watoto wake. Mimi ni mtu wa mjini, nina intaneti, lakini nilipoliona lile fundo nilirudi nyuma hatua moja.

"Nimekuja," alisema. "Nitoe kwenye mapicha yako. Wajukuu wangu wanachekwa shuleni."

Wajukuu wake wanachekwa shuleni! Nilitaka kumwonyesha meno yangu mawili. Isale lile nikaliacha linaning'inia mkononi mwake.

"Nitalipokea," nikamwambia. "Lakini kwanza utakaa kwenye kiti hiki useme kilichotokea. Sio kwangu. Humu." Nikamwonyesha maiki.

Alisimama muda mrefu anaangalia trei za mayai ukutani. Kisha akakaa. Nikamvika hedifoni, na kwenye skrini nikamwekea kile kipande nilichokuwa nakifanyia kazi, askari amelala kwenye theluji, peke yake, midomo inacheza. Sauti ya kwao nikaizima.

"Huyo ni kaka yako," nikasema. "Mwongelee."

Alikohoa mara tatu. Safari hii sikucheka. Akaanza taratibu, mara Kiswahili, mara Kimeru.

Alisema walikuwa wametembea siku nyingi, na kaka yake alianza kuharisha. Mwanzoni maji, baadaye damu. Kikosi kikawaacha nyuma. Hakukuwa na adui mbele yao, hakukuwa na risasi hata moja mwilini mwake, ni tumbo tu. Kaka yake akaomba wapumzike chini ya mti. Wakakaa. Ilipofika mchana wakasikia milio ya bunduki kwa mbali. "Nikamwambia nakwenda kutafuta watu wa kutusaidia kumbeba," alisema baba mdogo. "Sikwenda kutafuta watu. Nilikwenda tu. Nikakikuta kikosi jioni. Wakaniuliza kaka yako yuko wapi. Nikasema ametoroka. Ningesemaje? Ningesema nimemwacha anaharisha chini ya mti? Nikalisema mara moja, halafu kila siku nikawa nalisema tena."

Kwenye skrini yule askari alikuwa keshafumba macho, na theluji inamwangukia.

Nimetafsiri vita vya kila rangi. Nimeua watu kwa mishale, kwa mabomu, kwa sumu, kwa panga. Sijawahi kumwona askari wa filamu anayekufa kwa kuhara. Kwa miaka yote nilijitungia kifo cha baba yangu, na kila nilivyokitunga alikuwa na bunduki mkononi. Nilitamani kumpiga yule mzee ngumi ya uso, kweli tena, na nilitamani pia kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kisha nikanyoosha mikono yangu miwili, nikapokea isale.

"Utayatoa haya watu wasikie?" akauliza akiwa mlangoni.

"Nitakutoa wewe kwenye filamu," nikajibu. "Hayo mengine sijui."

Akashukuru, akaenda zake kutafuta gari la kurudi. Nami nikakaa, nikahisi kitu ambacho nilidhani ni amani. Nikajiambia, yamekwisha, isale limepokelewa, kesi imefungwa. Nikaanza hata kufikiria kukifuta kile kipande, maana mtu ameomba msamaha, bado unataka nini tena?

Lakini mama alikuwa na haki ya kusikia. Baada ya chakula cha mchana nikachukua kompyuta yangu, nikavuka ua mpaka kwake. Alikuwa amekaa kibarazani, ungo mapajani, anachambua maharage. Nikamwambia shemeji yake alikuja, amesema, na nimemrekodi. Hakushtuka. Alifuta mikono kwenye kanga, akavua kitambaa cha kichwa ili hedifoni zikae vizuri masikioni.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Akaniashiria nirudishe nyuma. Akasikiliza tena. Mara ya pili nilimwona anahesabu kitu kwa vidole, sijui ni siku, sijui ni nini. Alipovua hedifoni alirudi kwenye ungo wake, akachambua maharage kama kumi hivi, mabovu akayatupa chini.

"Mpigie," akasema. "Muulize kama alimwachia maji."

"Mama..."

"Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Baba mdogo alikuwa bado njiani, nilisikia kelele za watu. Nikamwambia, "Baba, mama anauliza kama ulimwachia maji."

Nilidhani mtandao umekata. Mama ameacha kuchambua, mkono uko juu ya ungo.

"Chupa ilikuwa moja, shemeji," ikaja sauti ya baba mdogo. "Chupa ilikuwa moja."

Mama alinyoosha mkono, akakata simu mwenyewe. Hajawahi kukata simu, huwa ananipa mimi nimkatie.

"Ukitoe hicho kitu," akasema. "Kwenye hizo flashi zako. Maji ya Chai, Tengeru, kote. Usipunguze neno."

Hapo ndipo nilipojijua. Mimi mwenye hasira, mimi niliyemsonya staringi kwa kushusha bastola, nikaanza kumtetea yule mzee. "Mama, nimeshapokea isale. Likishapokelewa yamekwisha, unajua mwenyewe. Tukitoa haya tutajilaani."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza mchana ule.

"Alimletea nani isale?"

"Mimi."

"Wewe ni mke wa aliyeachwa chini ya mti? Wewe ndiye uliyefukuzwa kihambani? Umepokea la kwako, baba, nakushukuru, na ulishike vizuri. Mimi sijaletewa kitu. Alipita mlango wangu akaja kwako, kwa sababu wewe unaogopesha na hiyo maiki yako, na mimi ni kibibi tu cha kuchambua maharage."

Alikuwa sahihi. Isale hupelekwa kwa aliyekosewa, mtoto yeyote wa Kimeru anajua hivyo, na sote wawili, mimi na yule mzee, tulikosea kwenye jambo la kwanza kabisa.

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikasema, "Mama, yule ni mzee sasa. Watu wakisikia haya hatashuka tena sokoni. Kanisani watamvua uzee. Atakufa na aibu. Ni mzee, mama."

"Mume wangu alikuwa na miaka ishirini na sita," akasema. "Peleka."

Nikapeleka.